Ukoga wa Bakteria: Istilahi Inayotutatiza

Mchuuzi wa maziwa wa Majimoto, huko Mpimbwe katika Mkoa wa Katavi, aingizapo kidole katika dumu la plastiki aliloliosha jana kwa sabuni, huweza kuhisi utelezi na kunusa uchachu. Maziwa atakayoyatia humo yataharibika kabla ya wakati wake, naye atamlaumu ng'ombe, au jua, au mkamuaji. Bwana Afya anamfahamu barabara mkosaji wa kweli, lakini akitaka kumweleza katika kijitabu cha Kiswahili hukwama kwenye neno la kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Bakteria wachache hunasa kwenye mikwaruzo ya plastiki, huzaana, kisha hutoa ute unaowafunika na kuwashikamanisha. Ute huo umefanyika kwa minyororo ya sukari, protini, na nyuzi za DNA, yaani zile zibebazo urithi wa kiumbe. Wakiisha kujijengea nyumba hiyo, dawa huwapata kwa shida wale waliokaa ndani, na kila maziwa yanapotiwa, baadhi yao hubanduka na kuchanganyika nayo.

Tukiite nini kitu hiki? Mfasiri mwenye haraka ataandika "filamu hai", na msomaji wake atangojea picha ya sinema. "Utando" ni bora zaidi, nasi hatuwezi kusema ni kosa. Walakini utando tuujuao jikoni ni ule wa maziwa yaliyopoa, unaoenguliwa kwa kijiko mara moja ukaisha. Kwa maoni yetu neno lifaalo ni "ukoga". Ukoga wa meno si mfano tu wa jambo hili, bali ndio jambo lenyewe: bakteria walioshikamana juu ya jino ndani ya ute wao. Tena kila aliyefundishwa kupiga mswaki anajua kwamba ukoga hauondoki kwa kusukutua, lazima usuguliwe. Neno hili limebeba onyo lake.

Watakaopinga watasema ukoga ni wa kinywani. Lakini tumekwisha kulipa dumu mdomo, na chupa tumeipa shingo. Chombo chenye mdomo hakishindwi kuwa na ukoga. Tuseme basi "ukoga wa bakteria", ili kuutofautisha na ule wa meno.

Istilahi ya pili haina taabu. "Kimeng'enya" limekwisha kuzoeleka mashuleni, nalo latokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzao, walieleza habari za bakteria aitwaye Bacillus licheniformis, aliyepatikana juu ya mwani wa baharini. Bakteria huyo hutoa kimeng'enya kiitwacho NucB, ambacho hukatakata nyuzi za DNA zilizomo katika ute, na ukoga ukasambaratika. Wako pia bakteria wa baharini wenye vimeng'enya vya kukata alginati, sukari ya mwani wa kahawia, ambayo baadhi ya bakteria huitumia katika ute wao.

Hapa ndipo mfasiri anapoweza kumdhuru mtu. NucB haiui bakteria, huwabomolea nyumba tu. Akiandika kwamba kimeng'enya "huua vijidudu", mwenye kiwanda cha maziwa ataridhika mapema, kumbe bakteria waliotawanyika wangali hai na wanaogelea ndani ya chombo, wakihitaji bado kusuuzwa na kutiliwa dawa. Kitenzi kinachotakiwa ni "kutawanya" au "kubomoa".

Neno jingine la hatari ni dogo zaidi. Vimeng'enya ni protini, na vilivyo vingi huharibiwa na joto kali kama ute wa yai uivavyo. Maelezo yakiagiza maji ya uvuguvugu, mfasiri asiandike "maji moto". Wako bakteria wa chemchemi za moto ambao vimeng'enya vyao hustahimili joto, kama Thermus aquaticus aliyegunduliwa Yellowstone, Marekani, katika miaka ya 1960. Lakini wa mwanini si wa jamii hiyo. Na huko Majimoto, mahali palipopewa jina kwa chemchemi za namna hiyo, msomaji atalichukua neno kama lilivyo.