Gari la kulala: Namna ya kulinda mali ya safari dhidi ya wezi

MAGARI yaliyogeuzwa kuwa makao ya safari, yenye vitanda, majiko na hema juu ya paa, si kitu kigeni katika barabara zinazoteremka kutoka mtaa wa Milimani, jijini Kisumu, kuelekea Hippo Point na ufuo wa Dunga.

Jiji hili huwapokea wasafiri wanaoingia nchini kutoka Uganda kupitia Busia na wale wanaotoka Tanzania kupitia Isebania, mbali na Wakenya wenyewe ambao hufunga safari wakati wa likizo ili kubarizi kando ya Ziwa Victoria.

Hata hivyo, wengi wao husahau kwamba gari la kulala ni nyumba isiyo na ukuta wala lango. Ndani yake mna pasipoti, fedha, kamera, tarakilishi, simu za rununu na dawa. Aliyeibiwa begi nyumbani hupoteza begi, lakini aliyeibiwa ndani ya gari la kulala huweza kupoteza hata uwezo wa kuendelea na safari au kurejea kwao.

Hivyo basi, ni muhimu kufahamu jinsi wizi wa aina hii unavyotendeka na hatua zinazoweza kuchukuliwa kuuzuia.

Kinachomvutia mwizi

Wizi mwingi wa kwenye magari haupangwi kwa siku nyingi. Mpita njia huchungulia dirishani, akaona waya wa kuchajia simu, mkoba kitini au koti lililofunika kitu, na papo hapo akaamua. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kwanza hauna gharama yoyote: kiti kisiachwe na chochote, hata begi tupu, kwani mwizi hawezi kujua kwamba ni tupu hadi awe amekwisha kuvunja kioo.

Aidha, vitu vifichwe kabla ya kufika mahali pa kuegesha. Msafiri anayefika Dunga kula samaki, kisha akafungua buti mbele ya watu na kuweka kamera humo, huwa ameonyesha kila aliyepo mahali pa kuitafuta. Kazi hiyo ingefanywa kabla ya kuondoka Milimani.

Inafaa pia kufahamu kuwa vioo vya gari havilingani. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, nacho kikipasuka hubaki mahali pake. Vioo vya pembeni katika magari mengi ni vya tabaka moja iliyokazwa kwa joto, na vikigongwa humwagika vipande vidogo vidogo kwa sekunde chache. Utando maalumu wa plastiki unaobandikwa kwa ndani hauzuii kioo kupasuka, ila hushikilia vipande hivyo na kumchelewesha mwizi. Kuchelewa ndiko asikokutaka.

Joto na madirisha

Kisumu ina tatizo ambalo msafiri aliyezoea baridi ya Limuru au Nyahururu huenda asilitarajie. Jiji liko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ziwani ina unyevu. Gari lililofungwa likiachwa juani, joto la ndani huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi.

Matokeo yake ni kwamba watu huacha madirisha wazi, mchana wakiwa matembezini na usiku wakiwa wamelala. Chandarua huzuia mbu waenezao malaria, lakini hakizuii mkono wa mwizi. Suluhisho ni kuegesha kivulini, kufungua tundu la hewa la paani badala ya dirisha la pembeni, na kuweka wavu wa chuma kwenye madirisha yanayopaswa kubaki wazi. Anayelazimika kuacha dirisha wazi usiku aliache kwa upana usiopitisha mkono, na asiweke simu wala mkoba karibu nalo.

Isitoshe, joto hilo huharibu betri za simu na tarakilishi. Kuviacha vifaa hivyo ndani ya gari mchana kutwa ni kuvihatarisha mara mbili.

Hila ya rimoti

Ipo mbinu nyingine ambayo haivunji kioo wala kuacha alama. Rimoti ya gari hutuma amri ya kufunga milango kwa mawimbi ya redio, mara nyingi ya megahatsi 433, au 315 kwa magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani. Mwizi akiwa karibu na kifaa cha kuvuruga mawimbi hayo, amri haifiki. Mwenye gari hubonyeza rimoti huku akitembea, akaenda zake akidhani amefunga.

Kinga yake ni rahisi: kusikiliza mlio wa kufuli, kisha kuvuta kitasa cha mlango kwa mkono. Gari la kulala huwa na milango mingi, ukiwemo wa nyuma, na kila mmoja unapaswa kujaribiwa.

Sanduku la chuma

Kwa vitu visivyoweza kubebwa mwilini, sanduku dogo la chuma lenye kufuli hufaa. Lakini sanduku lisilofungiwa mahali ni zawadi kwa mwizi, kwa kuwa atalibeba lote na kwenda kulivunja kwa utulivu. Linapaswa kukazwa kwenye sakafu ya gari kwa bolti ambazo nati zake hufikiwa tu baada ya sanduku kufunguliwa. Pasipo na nafasi hiyo, waya wa chuma uliosukwa hulifunga kwenye fremu ya kiti.

Kijisanduku cha dashibodi na sehemu ya chini ya godoro hazihesabiki kuwa maficho, kwa kuwa hapo ndipo hutafutwa kwanza. Ni bora pia fedha zisiwekwe zote mahali pamoja, na sehemu kubwa ibaki benki au kwenye akaunti ya M-Pesa, mradi laini ya simu imewekewa nambari ya siri ili aliyeiiba asiweze kuitumia katika simu nyingine.

Hati ya umiliki wa gari nayo haifai kukaa garini. Gari likiibwa pamoja na hati yake, mwizi hurahisishiwa kazi ya kumhadaa mnunuzi. Nje ya gari, vioo vya pembeni vichorwe nambari ya usajili, na gurudumu la akiba lifungwe kwa mnyororo.

Bawabu na daftari

Katika mtaa wa Milimani, nyumba nyingi za wageni zina ua na bawabu. Kuegesha ndani ya ua kama huo ni salama kuliko kando ya barabara, lakini bawabu hawezi kulinda asichokijua. Ni vyema aonyeshwe gari, aelezwe ni nani wanaoruhusiwa kulifungua, na atambuliwe kwa jina. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kudhibiti Usalama wa Kibinafsi ya mwaka wa 2016, walinzi wanatakiwa kuwa wamesajiliwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya vitu vyote vya thamani, pamoja na nambari zake za utambulisho, iandikwe kabla ya safari na nakala yake iachwe kwa mtu anayeaminika. Nambari ya simu ya rununu hupatikana kwa kubonyeza *#06#.

Orodha hiyo humlinda mtu mwingine pia. Kitu kinapopotea, anayeshukiwa kwanza aghalabu ni bawabu, mfanyakazi wa usafi au kijana aliyeosha gari. Wako waliofutwa kazi kwa sababu ya kamera ambayo baadaye ilipatikana chini ya kiti. Kabla ya kumtaja mtu, mwenye mali hana budi kukagua daftari lake na kupekua gari lote.

Usiku kando ya ziwa

Anayelala karibu na maji akisikia mtu akichokoa kufuli, asikimbilie kutoka nje. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na mnyama huyo ni hatari kuliko mwizi. Aliye ndani awashe taa zote, apige honi, kisha apige simu kwa polisi kupitia nambari 999, 112 au 911.

Ni muhimu vilevile kutopaza sauti ya "mwizi!" ovyo mchana. Nchini Kenya, ukelele huo umewahi kukusanya umati ulioua watu, wakiwemo wasio na hatia. Hakuna tarakilishi yenye thamani ya uhai wa binadamu.

Baada ya wizi

Aliyeibiwa apige picha za gari kabla ya kugusa chochote, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na kupewa nambari ya kitabu cha matukio. Hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu huhitajika anapoomba kitambulisho kipya, na humfaa mgeni anapoenda ubalozini kutafuta pasipoti. Benki na kampuni ya simu zijulishwe mara moja.

Kuhusu fidia, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 hushughulikia madhara yanayowapata watu wengine pekee, wala hailipi kilichoibwa. Hata bima kamili mara nyingi hulinda gari lenyewe, huku vitu vya binafsi vikiachwa nje au kuwekewa kiwango kidogo. Mkataba usomwe kabla ya safari.

Kisheria, wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka mitatu chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Kupokea mali ya wizi, chini ya kifungu cha 322, kuna adhabu ya hadi miaka 14. Anayeuziwa kamera kwa bei ya kutupa, bila risiti, anapaswa kulikumbuka hilo, kwani mwizi asiye na mnunuzi hana sababu ya kuvunja kioo.

Kwa jumla, hatua nyingi kati ya hizi hazihitaji fedha. Kuondoa mkoba kitini, kuvuta kitasa cha mlango, kuandika orodha na kumsalimu bawabu ni kazi isiyozidi robo saa. Tahadhari kabla ya hatari.