Kipoza oili kikivuja, usikimbilie kufungua hedi

Tangu mvua zianze nimepigiwa simu mara tatu kwa swali lile lile: "Bwana shamba, rejeta imejaa oili, fundi anasema hedi gasketi imekufa, nifanyeje?" Mimi nina stashahada ya kilimo, si fundi makenika. Ila huku Shelui bwana shamba anaulizwa yote, kuanzia viwavijeshi mpaka giaboksi. Na hili linagusa mfuko moja kwa moja, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja. Trekta ikilala siku nne mwezi wa Desemba, wateja wa kulimiwa hawakusubiri, wanaita trekta ya Igunga.

Injini nyingi zenye turbo, pamoja na zile za Canter na Fuso tunazobebea alizeti, zina kifaa cha kupoza oili. Ni kama rejeta ndogo iliyojificha ubavuni mwa injini, mara nyingi karibu na filta ya oili. Ndani inapita oili ya moto, nje yake yanapita maji ya rejeta. Kati ya vitu hivyo viwili kuna bati jembamba tu. Bati likitoboka, oili na maji vinakutana. Trekta ndogo za silinda 3 kama Massey Ferguson 240 kwa kawaida hazina kifaa hiki, kwa hiyo ukiona oili kwenye maji ya trekta kama hiyo, tafuta sababu nyingine.

Sasa, kwa nini oili ndiyo inaanza kuonekana kwenye maji? Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili ni kubwa kuliko presha ya maji, hivyo oili inasukumwa kuingia kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inashuka mpaka sifuri, lakini maji bado ni ya moto na yana presha. Hapo maji nayo yanapata nafasi ya kurudi kwenye oili. Ndiyo maana asubuhi unachomoa kijiti cha kupimia unakuta kitu kama chai ya maziwa. Ukiona hivyo usiwashe tena, hata kwa "kusogeza tu kivulini". Oili yenye maji hailindi beringi za kranki, na kranki ikinoki hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Hedi gasketi iliyokufa ina dalili zake. Ukiwasha injini ikiwa baridi, maji ya rejeta yanatoa mapovu mfululizo, mipira ya maji inakakamaa haraka kabla injini haijapata moto, moshi mweupe unaendelea hata injini ikishachemka, au nguvu inapungua. Kama huoni hata moja ya hizo ila rejeta ina ute wa oili, anza na kipoza. Kukifungua ni kazi ya saa chache. Kufungua hedi ni kazi ya siku, na mara nyingi inaishia kupeleka hedi Singida mjini ikasawazishwe, halafu unarudi, unafunga, na oili bado inavuja. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kijana mmoja wa hapa hapa, mwenye trekta ya turbo anayoilipia mkopo, aliamua kufanya mwenyewe. Alikuwa na spana, boksi, simu na uvumilivu. Aliacha injini ipoe usiku kucha, jambo ambalo nalisisitiza, kwa sababu mfuniko wa rejeta ya moto unaunguza uso. Akamwaga maji, akamwaga oili. Kabla ya kulegeza chochote alipiga picha kila upande. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, kwa hiyo alichora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi la karatasi akachomeka kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ukiiweka kwenye tundu fupi unaweza kupasua injini block, na hapo huna ulichookoa.

Kipoza kilipotoka tulikwenda nacho kwa fundi pancha wa barabara kuu. Tundu moja tuliliziba, jingine tukaingiza upepo, tukakizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto. Maji ya moto yanasaidia kwa sababu ufa mdogo unafunguka chuma kikipata joto. Upepo usizidi psi 60 hivi, hatujazi tairi. Mapovu yalitoka pembeni pa bati la tatu, ushahidi ukawa mezani. Kama yasingetoka, lawama ingeenda kwenye gasketi au oringi zake, na hizo ni bei ndogo zaidi. Kuchomelea bati lile mimi sishauri. Kiraka kinakaa wiki mbili kisha kinaachia ukiwa katikati ya shamba la mtu.

Ukinunua kipya, nenda na cha zamani mkononi na namba ya injini, siyo jina la trekta peke yake. Nunua na gasketi na oringi zote. Sehemu ya kukalia gasketi ikwanguliwe kwa kipande cha mti au plastiki, usipitishe grainda. Silikoni ndiyo ugonjwa wa vijana wengi: inapakwa kama siagi kwenye mkate, ya ziada inamegukia ndani, inaziba njia za oili. Kama kitabu cha injini hakisemi weka, usiweke. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mwisho kwa kipimo cha kitabu. Spana ya kupimia unaweza kuazima kwa fundi, wengi hawakatai.

Kufunga kifaa siyo mwisho. Kazi yenyewe hasa ni kusafisha, na hapa ndipo watu wanapoishia njiani. Oili iliyobaki kwenye rejeta inalainisha mipira ya maji mpaka inavimba, na inazuia maji yasipoze vizuri. Jaza maji yenye sabuni kidogo isiyo na povu jingi, washa mpaka injini ipate moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia kwa maji matupu mpaka yatoke safi. Kijana wetu alirudia mara tano. Mpira uliovimba, badilisha. Upande wa oili, kama ilikuwa imechanganyika na maji, weka oili mpya na filta mpya, acha injini ikae sailensa kwa muda mfupi bila kazi, kisha mwaga uweke tena. Inauma, najua, lakini ni nafuu kuliko kranki. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kata dizeli uzungushe kwa stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ikigoma kuzima, au ukisikia mlio wa kugonga, acha hapo hapo umwite fundi.

Kilichookolewa ni ufundi, nauli na siku. Oili na filta ungenunua tu, kwa hiyo usizihesabu kama faida.

Na kwa nini kilitoboka? Tulipokikata cha zamani tulikuta chumvi imeganda na bati limelika. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, na wengi tunayamimina kwenye rejeta kama tunavyonyweshea ng'ombe. Weka kulanti kwa kipimo cha kwenye chupa, ukichanganya na maji ya betri au ya mvua yaliyochujwa. Hata ndoo mbili za mvua ya bati zikiwekwa akiba zinatosha msimu mzima. Kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uwani, ina ladha tamu na inaua mbwa na mbuzi. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko, isimwagwe korongoni. Korongo hilo linapeleka maji Wembere, na sisi wenyewe ndio tunaolima mpunga kule chini.