Kibubu cha Nuru: Kwa Nini Ua la Usambara Limegoma Kuchanua Ipililo

Msomaji mmoja wa Ipililo, mkoani Simiyu, ametuletea swali kuhusu ua lake la kopo. Aliletewa na shemeji yake kutoka Muheza, likafika likiwa limechanua zambarau iliyokolea, likaendelea hivyo wiki kadhaa, na tangu hapo ni majani matupu. Majani yenyewe ni manene, ya mviringo, yana manyoya mafupi na yanazidi kunenepa. Analimwagilia, analiwekea samadi ya mbuzi, analipangusa vumbi. Maua hakuna.

Kwa maelezo hayo, huo ni urujuani wa Usambara, mmea ambao Wazungu na Wamarekani hupanga madirishani mwao kwa mamilioni bila kujua Tanga iko wapi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliuokota huko na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliuandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Heshima ikamwendea Saint Paul-Illaire. Wasambaa waliokuwa wakipita kando yake miaka yote hiyo hawakuulizwa kitu. Mwaka 2015 wanasayansi waliuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini sokoni jina la zamani halijang'oka.

Habari za maji na kopo naziacha hadi mwisho, maana kila muuza miche anazijua. Ninachokitaka ni swali lenyewe: mmea unajuaje kwamba sasa ni wakati wa kuchanua?

Mimea mingi huhesabu urefu wa usiku. Huu hauhesabu. Na hata ungetaka kuhesabu, Ipililo ungepata taabu, kwa kuwa iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa. Unachokifanya urujuani ni kujumlisha. Kila chembe ya nuru, yaani fotoni, inayonaswa na jani kuanzia alfajiri hadi magharibi huingia katika hesabu moja ya siku. Wakulima wa vitalu wana kipimo cha hesabu hiyo, na kwa kuwa sijakikuta kimepewa jina la Kiswahili, nitakiita limbiko la nuru. Nilifikiria "jumla ya nuru", nikaiona imepoa mno. Kulimbika ni kuweka kidogo kidogo mpaka kifae, na ndicho jani linachofanya.

Basi tuseme mmea una kibubu. Sarafu zinaingia mchana kutwa, na hakuna anayeuliza hii iliingia saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Usiku ukifika kibubu kinafunguliwa na matumizi yanaanza kwa utaratibu mkali. Kwanza inalipwa kodi ya nyumba: kila chembehai inapumua, na kupumua kunakula sukari iliyotengenezwa mchana. Kisha chakula cha watoto, yaani majani mapya yanayochipua katikati. Harusi ni ya mwisho kabisa, na ua ndilo harusi. Tena harusi hii haipangwi baadaye. Katika kwapa la kila jani linalokua mna kitumba kidogo mno, kimeshaalikwa tayari, kinangoja tu kuambiwa kama fedha ipo. Limbiko likitosha, kikonyo kinarefuka na maua yanatokeza. Lisipotosha, kitumba kinanyauka kingali kidogo, wala mwenye nyumba hajui kwamba kulikuwa na karamu iliyovunjika. Kwa hiyo ua la Ipililo halijagoma. Linaahirisha harusi kila linapotoa jani.

Na hapa ndipo ninapolipenda zaidi: tundu la kibubu hiki ni jembamba. Urujuani umezaliwa kwenye miamba yenye kuvumwani, chini ya kivuli cha msitu, ambako sarafu hudondoka moja moja. Mitambo yake ya usanisinuru imetengenezwa kwa mwendo huo. Utoe uanikwe kwenye jua la saa sita la Simiyu na ni sawa na kumwaga gunia la sarafu juu ya kibubu: chache zinapenya, zilizobaki zinagonga bati na kulikwaruza. Jani hupauka, klorofili ikiharibika, na kingo hukauka. Ndiyo maana mtu anaweza kuliunguza ua kwa nuru na bado akalinyima maua. Tiba ni nuru ya kiasi kwa saa nyingi.

Kwa tarakimu, mmea huu huchanua vizuri ukipata moli 6 hadi 10 za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa siku. Moli 6 ni fotoni milioni milioni milioni milioni 3.6, idadi ambayo hunifurahisha kila ninapoiandika. Uwanjani, siku isiyo na mawingu, Simiyu hupokea moli 40 na zaidi. Ndani, mita 2 kutoka dirishani chini ya upenu mrefu wa bati, mara nyingi hata moli 1 haitimii. Jicho ni shahidi wa uongo hapa, kwa sababu mboni hupanuka na kutuambia kwamba sebule ina mwanga wa kutosha.

Kopo lisogezwe dirishani, basi, lakini dirisha lipi? Miongozo ya ughaibuni husifu dirisha la kaskazini kwa kuwa kwao halipigwi na jua. Usiifuate. Ipililo jua hupita utosini katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni limeelemea kaskazini na kuingia kwa dirisha hilo hilo linalosifiwa, na Desemba linaingia kwa la kusini. Dirisha la mashariki halina mzunguko huo: lina jua laini la asubuhi mwaka mzima, na pazia jepesi likivutwa kuanzia saa nne hutosha.

Kama nyumba haina dirisha la hivyo, taa ya LED ya wati 10, nyeupe, ining'inizwe sentimita 20 juu ya majani na iwashwe saa 13 kwa siku, kopo likiwa bado karibu na dirisha. Kwa mwezi itakula uniti 4 hivi za Luku. Umbali usipuuzwe: taa ikipandishwa hadi sentimita 40, nuru inayofika jani inabaki karibu robo tu. Usiku izimwe, maana saa za giza ndizo za matumizi.

Kuhusu samadi, ipunguzwe. Naitrojeni nyingi hulisha majani. Kopo liwe dogo, na udongo mweusi wa mbuga usitiwe humo, unashika maji na kuozesha mizizi. Maji yaliyopoa mtungini yakidondokea jani lenye joto huliachia mabaka meupe yasiyofutika, hivyo yamwagwe kwenye udongo. Vichipukizi vya pembeni viondolewe mapema na vipandwe kwingine, kwa kuwa kila kimoja kinadai sehemu yake ya kibubu. Baada ya ua kuhamishiwa penye nuru, jani la kuangaliwa si lile kubwa la chini ambalo kitumba chake kimeshakufa. Ni lile dogo la katikati, na kikonyo kitatoka kwapani mwake litakapokuwa limekunjuka, baada ya wiki kadhaa.