Hivi intaneti ni ya nani? Mzee mmoja kaniuliza, nikakosa jibu

Leo naomba niandike kitu ambacho kimenikaa kichwani muda mrefu. Wataalamu mtanisamehe, elimu yangu mimi ni kidato cha nne, mengine yote nimeyaokota kwa kusoma usiku watu wamelala. Nikikosea nirekebisheni.

Siku yenyewe ni Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Mliokuwa Bongo mnaikumbuka. Nilikuwa nimeshikia steshenari ya jamaa yangu hapa Dar, intaneti ikaanza kusuasua asubuhi, baadaye ikawa kama haipo kabisa. Kulikuwa na mzee mmoja anataka tumtumie binti yake vyeti kwa barua pepe. Tumeviskani vizuri, nabonyeza kutuma, kiduara kinazunguka tu. Mzee kasubiri weee, mwisho akasema: "Mwanangu, si umpigie simu mwenye intaneti umuulize kuna nini?"

Nikacheka. Halafu nikajikuta sina jibu. Umeme ukikatika tunajua pa kulalamika, maji yakikatika tunajua. Intaneti mwenyewe ni nani?

Kilichotokea siku ile ni kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa mpigo kule kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi kadhaa zikaumia, na sisi tukiwemo tena sana. Lakini kuna kitu nilikiona ambacho ndicho kimenifanya niandike. Wakati barua pepe imegoma kabisa, nilijaribu tovuti ya shule moja. Tovuti hiyo kaitengeneza rafiki yangu, na seva amekodi hapa hapa Dar. Ikafunguka! Haraka kuliko hata siku za kawaida.

Sababu ni kwamba data za shule ile hazikuwa na haja ya kugusa bahari. Dar kuna kituo kinaitwa TIX, kilichoanza kazi mwaka 2004, ambapo makampuni ya intaneti ya hapa nchini yanakutanisha mitandao yao na kubadilishana data. Yaani makampuni yale yale yanayonyang'anyana wateja mchana kutwa yamekubaliana kuchomeka nyaya zao sehemu moja. Kabla ya vituo vya namna hii, na kabla mikongo haijafika kwetu mwaka 2009, mtu wa Sinza akimwandikia mtu wa Kinondoni, kama wako kampuni mbili tofauti, ujumbe ulipanda setilaiti ukaenda kuzunguka Ulaya au Marekani ndipo urudi Kinondoni. Na safari hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi.

Kwa macho kituo chenyewe hakitishi. Ni chumba, kabati la chuma, swichi na nyaya. Ila sikilizeni mambo yaliyowakuta majirani zetu wa Nairobi kwa sababu ya swichi moja kama hiyo.

Mwishoni mwa Novemba 2000, makampuni ya intaneti ya Kenya yalifungua kituo chao, KIXP. Wakati huo Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki peke yake ya kusafirisha data kwenda nje ya nchi. Ikalalamika kwamba haki yake inaingiliwa. Haikupita hata mwezi, Tume ya Mawasiliano ikasema kituo hakina leseni, ni haramu, kifungwe. Kikafungwa kweli. Wenye makampuni wakajitetea: jamani, hapa hatuuzi simu wala hatupeleki data nje, tunabadilishana vitu vyetu wenyewe kwa wenyewe! Ikawa karibu mwaka mzima wa kuvutana, huku na huku vitisho vya kwenda mahakamani, huku na huku mazungumzo ya pembeni. Kibali kilitoka Novemba 2001, na kituo kikawaka tena Februari 2002.

Hebu fikiria, kwa zaidi ya mwaka Mkenya aliendelea kumwandikia Mkenya mwenzake kupitia bara jingine, wakati swichi ipo na watu wa kuiendesha wapo. Nani alifaidika hapo? Mwaka 2012 ulitoka utafiti ulioandaliwa kwa ajili ya taasisi ya Internet Society, ukaonyesha kwamba kile kituo kilikuwa kinaokoa karibu dola milioni 1.5 kila mwaka, na muda wa data kufika umeshuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 mpaka kati ya 2 na 10. Mimi hesabu zangu si nzuri kihivyo, ila hiyo tofauti hata mimi naiona.

Sasa swali: makampuni tofauti, mitambo wamenunua kwa watu tofauti, inakuwaje ukichomeka waya vinaelewana? Hapa ndipo mambo yanaponoga.

Vinaelewana kwa sababu taratibu zake zimeandikwa na kuwekwa wazi kila mtu asome, bure. Nyaraka hizo zinaitwa RFC, maana yake ni kwamba mwandishi anaomba maoni. Ya kwanza ni ya tarehe 7 Aprili 1969, na aliyeiandika, Steve Crocker, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Los Angeles. Mwenyewe ameshasimulia kwamba aliiandikia bafuni usiku, asiwaamshe rafiki zake waliompa malazi. Hofu yake ilikuwa isije ikaonekana vijana wanajifanya wakubwa, ndiyo maana nyaraka zikapewa jina la unyenyekevu namna hiyo, ombi la maoni. Leo zimeshapita 9,000. Nimejaribu kuzisoma baadhi. Kiingereza chake kinachosha lakini hakuna aliyeniuliza cheti.

Wanaozitengeneza siku hizi kwa sehemu kubwa ni IETF, umoja ulioanza Januari 1986. Hauna kadi ya uanachama na hawapigi kura. Mwenyekiti akitaka kujua watu wanaelekea wapi anawaambia wanaokubali wavume "mmmm", halafu wasiokubali nao wavume. Si utani! Na hata mvumo ukiwa mkubwa upande mmoja, mwenye hoja ya maana ya kupinga lazima ajibiwe kwanza. Ingekuwa vikao vya mtaani kwetu tungekesha.

Katika taratibu hizo kuna moja inaitwa BGP. Mwaka 1989 wahandisi wawili, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, walikuwa kwenye mkutano wa IETF huko Texas, wakaichora wakati wa chakula kwenye tishu za mezani. Kazi ya BGP ni ya konda wa daladala. Kila mtandao unasimama mlangoni unaita: "Mbagala, Mbagala, kupitia kwangu unafika!" Jirani anasikia, anawaambia majirani zake, mpaka dunia nzima inajua kwamba kwenda Mbagala unapitia wapi. Barabara ikifungwa, makonda wanaacha kuita, abiria wanatafuta njia nyingine. Ndicho kilichofanyika ile Jumapili. Njia ya kusini ilipokufa, data zikahamia njia nyingine zilizobaki. Kwa nini basi ilikuwa pole pole? Kwa sababu ni sawa na kufunga barabara ya Kilwa halafu magari yote yaingie kichochoro kimoja.

Tatizo la konda ni kwamba unamwamini kwa maneno yake. Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatengeneza wito wa uongo wa ndani kwamba njia ya kwenda YouTube iko kwao, ili abiria wakija watupwe shimoni. Kwa makosa wito ukavuka mpaka, ukafika kwa kampuni ya PCCW ya Hong Kong, nayo bila kuuchunguza ikautangazia ulimwengu. Tena wito ule ulikuwa mahususi zaidi, kama vile mwenzako anaita "Kariakoo" halafu wewe unaita "Kariakoo, Msimbazi, mlangoni kabisa". Mitambo hupenda wito mahususi, kwa hiyo ikamfuata huyo. YouTube ikapotea karibu dunia nzima kwa muda wa kama saa mbili.

Na dawa yake hakuitoa rais wa intaneti, maana hayupo. Wahandisi wa YouTube walianza kuita nao kwa sauti mahususi kama ile na kuizidi, na PCCW ikamnyamazisha yule konda. Basi. Kuanzia 2012 upo utaratibu wa RPKI, kama kitambulisho cha konda, ukipenda unakagua kabla ya kuamini. Nasema ukipenda, kwa sababu IETF haina wa kukukamata usipokagua. Binafsi hilo linanitia wasiwasi kidogo, ila nikikumbuka ile swichi ya Nairobi, anayekuja na kufuli ndiye ananitisha zaidi.

Turudi kwa mzee. Barua pepe yake iligoma siku ile mpaka tunafunga. Alirudi baada ya siku mbili, tukajaribu tena, ikaenda. Nikamweleza haya yote, kwa kifupi lakini. Akanitazama.

"Kwa hiyo wote hao wanaaminiana tu? Bila hata askari?"

"Bila askari, mzee wangu."

Akatikisa kichwa, akalipa mia tano yake ya kuskani, akaniomba nimprintie na nakala moja ya vyeti aipeleke mwenyewe kwa basi, kwa usalama.