Gari la Parokia Likikosa Nguvu Mlimani

Gari la dizeli lenye tabo likishindwa kupanda Kitonga kuelekea Iringa, kamati isiharakishe kuidhinisha fedha za tabo mpya. Fundi aanze na vitu vya bei nafuu. Moshi mweusi huonyesha kuwa hewa haitoshi: afungue filta ya hewa, ambayo vumbi la kiangazi huiziba, kisha akague mipira kati ya tabo na injini. Mpira ukipasuka au klipu ikilegea, hewa huvuja. Kama gari ni zito bila moshi, ashuku filta ya dizeli. Uchafu wa madumu huishia humo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kasoro isiyoonekana Dar es Salaam huku hujitokeza. Tabo ikaguliwe mwisho, injini ikiwa imezimwa na kupoa: feni yake ikigusa ukuta inapozungushwa kwa mkono, ombi la fedha lina msingi.