Kubadili Njia ya Kuamilisha Programu za Ofisi: Maana Yake kwa Huduma za Kata

Mwananchi anapofika katika ofisi ya mtendaji wa kata kuomba barua ya utambulisho, huona karatasi, sahihi na muhuri. Nyuma ya karatasi hiyo ipo kompyuta, na ndani ya kompyuta ipo programu ya kuandikia ambayo leseni yake lazima iwe imethibitishwa. Uthibitisho huo huitwa uamilishaji. Ukikosekana, onyo hujitokeza juu ya skrini na baadhi ya kazi za programu zinaweza kufungwa: waraka wa zamani husomeka, lakini kuuhariri au kuandika mwingine kukashindikana. Nyaraka zenyewe hazifutiki, ila huduma husimama.

Kwa sababu hiyo, njia inayotumika kuamilisha programu si jambo la wataalamu wa TEHAMA peke yao. Njia inayofaa katika makao makuu ya halmashauri huenda isifae katika kata ya mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Leseni ya jumla ni nini

Mtu anayenunua programu kwa ajili ya kompyuta yake nyumbani hupewa leseni moja. Taasisi yenye kompyuta nyingi hununua leseni ya jumla, yaani haki ya kuweka programu ileile, kama vile Microsoft Office, katika idadi ya kompyuta iliyokubaliwa katika mkataba. Mwenye programu huhitaji kujua kwamba kila kompyuta inayoitumia imo katika mkataba huo. Njia mbili hutumika zaidi, nazo hujulikana kwa vifupisho vyake, KMS na MAK.

Katika njia ya KMS, taasisi huweka seva yake yenyewe ya kuamilisha leseni. Kompyuta za ofisi huwasiliana na seva hiyo kupitia mtandao wa ndani, wala hakuna haja ya kila moja kwenda kwenye intaneti. Uamilishaji hudumu siku 180. Kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7, na kila inapofaulu, hesabu ya siku 180 huanza upya. Ipo pia idadi ya chini: seva haianzi kuamilisha programu za Office mpaka kompyuta zisizopungua 5 ziwe zimeiomba, na kwa mfumo wa Windows wa kompyuta za kawaida, zisizopungua 25.

Katika njia ya MAK, kompyuta hupewa ufunguo maalumu na kuthibitishwa mara moja tu na kampuni yenye programu. Baada ya hapo haina siku ya mwisho ya kuhuisha, isipokuwa vifaa vyake vya ndani vikibadilishwa kwa kiasi kikubwa au programu ikiwekwa upya. Hata hivyo, ufunguo huo una idadi maalumu ya matumizi. Kompyuta iliyofutwa diski na kuwekewa programu upya huhesabiwa tena.

Mvuvi wa Kibirizi anaweza kuuelewa mfumo huu kwa urahisi. KMS hufanana na leseni ya uvuvi, ambayo humtaka mwenyewe arudi kuihuisha muda wake unapokwisha. MAK hufanana na namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo: ikishaandikwa hukaa, ila chombo kikiundwa upya, shughuli huanza tena.

Kwa nini mahali ni muhimu

Ofisi iliyo mjini, kama zile za Mwanga au Ujiji, ikiwa imeunganishwa na mtandao wa taasisi, haipati taabu na KMS. Kompyuta huwasiliana na seva kila juma bila mtumishi kujua. Hali ni tofauti katika kata kama Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, au Mwamgongo, jirani na Hifadhi ya Gombe, ambako wasafiri wengi na mizigo yao hupita ziwani kwa boti. Kompyuta iliyoandaliwa makao makuu ikapelekwa huko hufika ikiwa imeamilishwa na kufanya kazi vizuri. Lakini kama ofisi hiyo haina njia ya kuifikia seva, kila jaribio la kuhuisha hushindwa kimyakimya, na siku huendelea kupungua.

Hesabu yake ni hii. Kompyuta iliyohuishwa kwa mara ya mwisho tarehe 1 Januari, katika mwaka wenye siku 365, hufikisha siku 180 tarehe 30 Juni. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa Serikali, wakati taarifa za mapato na matumizi zinafungwa. Mtumishi anaweza kudhani kompyuta imeingia kirusi au imeharibika, akaipakia kwenye boti kurudi mjini kwa matengenezo, kumbe hakuna kilichoharibika. Kata hubaki bila kompyuta kwa tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa miezi sita kabla.

Kwa ofisi za namna hiyo, MAK ndiyo njia inayofaa zaidi. Kompyuta huamilishwa mara moja kabla ya kusafirishwa. Ikiwa tayari ipo kituoni na haina intaneti, mtaalamu anaweza kuiamilisha kwa kupitia kompyuta nyingine yenye mtandao kwa kutumia programu maalumu ya kusimamia leseni. Kinyume chake, ofisi ya mwambao inayopata mtandao wa uhakika inaweza kurejeshwa kwenye KMS, ili nafasi za MAK, ambazo ni chache, zihifadhiwe kwa ofisi zisizofikika.

Namna mabadiliko yanavyofanyika

Kubadili njia hakuhitaji kununua kompyuta mpya wala kufuta programu iliyopo, mradi programu hiyo ni toleo la leseni ya jumla. Mtaalamu wa TEHAMA huhakiki kwanza toleo lililowekwa, kisha huondoa ufunguo wa zamani, huingiza mpya, huagiza uamilishaji, na mwisho huthibitisha kwamba hali ya leseni imebadilika. Kuingiza ufunguo bila kuhakiki matokeo ni kuacha kazi nusu. Ingawa nyaraka haziguswi, ni busara nakala rudufu ya mafaili muhimu ikawekwa kabla ya kazi kuanza. Uamilishaji wa Windows ni kazi tofauti na ule wa Office, hivyo vyote viwili hukaguliwa.

Mabadiliko hayo hayagusi malipo ya mwananchi. Kumbukumbu namba ya malipo, leseni za biashara zinazoombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na mifumo mingine ya Serikali inayofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti haitegemei leseni ya Office. Mwananchi akielezwa kwamba malipo yake hayawezi kupokelewa kwa sababu ya leseni ya Office, ana haki ya kuuliza zaidi.

Vilevile, uamilishaji haurefushi uhai wa programu ya zamani. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma kwa Office 2016, Office 2019 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu hizo zinaweza kuendelea kufunguka, lakini hazipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama.

Hatari ya njia za mkato

Onyo linapotokea kwenye skrini, kishawishi kikubwa ni kumwita fundi wa mtaani aweke programu ya kuvunja leseni. Nyingi kati ya programu hizo hujifanya kuwa seva ya KMS ndani ya kompyuta yenyewe, na kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Mwaka 2021, kampuni ya usalama wa mtandao ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi bandia vya programu mojawapo, KMSPico, vilivyobeba kirusi kinachoiba manenosiri.

Katika kompyuta ya ofisi ya umma, kinachohatarishwa ni majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wakazi. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na taarifa za wananchi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Leseni iliyovunjwa inaweza kuzigusa zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Kinachoweza kufanywa katika kata

Mtumishi wa kata anaweza kukagua hali ya leseni mwenyewe: hufungua programu ya Word, huingia sehemu ya Faili, kisha Akaunti, na kusoma kama bidhaa imeamilishwa. Ukaguzi huo ukifanyika kila robo ya mwaka, tatizo huonekana mapema. Onyo likionekana, taarifa ipelekwe Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, ikitaja jina la kompyuta, toleo la programu, na kama ofisi ina mtandao. Kompyuta isisafirishwe kabla ya taarifa hiyo kujibiwa.

Kwa upande wake, mwananchi anayeambiwa kwamba kompyuta imegoma anaweza kuuliza kwa upole kama tatizo limeripotiwa na lini, na kama barua yake inaweza kuandikwa kwa mkono. Mkazi aliyevuka ziwa kwa nauli yake kufuata huduma hapaswi kurudi mikono mitupu kwa sababu ya hesabu ya siku 180 ambayo hakuna aliyeifuatilia.