Chaji Haipotei, Nishati Hupungua

Mitaani hapa Kigali, kama kwingineko Afrika Mashariki, mtu husema: "Simu imeisha chaji." Katika mazungumzo msemo huo hauna kasoro. Katika fizikia, hata hivyo, kilichokwisha ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya betri. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, sisi walimu wake tunapaswa kuyatenganisha maneno haya mawili. Tutumie mfano wa kapasita.

Kapasita ina mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami. Bamba moja hubeba chaji chanya, la pili chaji hasi ya kiasi kilekile. Kiasi hicho ndicho huitwa chaji ya kapasita. Chaji ni kapasitansi mara volteji. Nishati ni nusu ya chaji mara volteji.

Tuseme kapasita A ya mikrofaradi 100 imechajiwa hadi volti 12. Ina chaji ya mikrokulombi 1,200 na nishati ya milijuli 7.2. Tunaitoa kwenye betri, kisha tunaiunganisha sambamba na kapasita B ya mikrofaradi 200 isiyo na chaji, chanya kwa chanya.

Katika muunganisho sambamba, kapasitansi hujumlishwa, na volteji huwa moja kwa kapasita zote. Hivyo 1,200 tukigawa kwa 300 tunapata volti 4. A inabaki na mikrokulombi 400, B inapata 800. Jumla ni 1,200 ileile.

Na nishati? Nusu ya 1,200 mara 4 ni milijuli 2.4 tu. Milijuli 4.8 zimetoka, hasa kama joto katika nyaya, pengine na cheche wakati wa kuunganisha.

Ni kama mapipa mawili yaliyounganishwa chini kwa mpira, moja likiwa na maji na jingine tupu. Maji hayamwagiki hata tone, lakini kimo chake hushuka, na msukumo wake hupungua.

Basi mwanafunzi akiandika kwamba kapasita hizo kwa jumla "zimepoteza chaji", sarufi yake ni safi lakini maana imepotoka. Mwalimu asahihishe vyote viwili.

Zoezi: B ikiwa na mikrofaradi 100, itabaki nishati kiasi gani? (Jibu: volti 6, milijuli 3.6, yaani nusu.)